Nani Amemfanya Hivi? Msuko wa Mashtaka na Usimulizi wa Usonji Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza namna usonji unavyosimuliwa katika kaunti za Kisii na Nyamira, na kuonyesha kwamba kazi ya kuuelimisha umma juu ya hali hii ni kazi ya kifasihi kabla haijawa ya kitabibu. Kwa usonji tunakusudia hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Hali hii huathiri jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na aghalabu huambatana na kupenda kurudia mambo yale yale na kuudhiwa upesi na sauti, mwanga au mguso. Wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba vyanzo vyake ni vingi, vile vya urithi wa kijenetiki vikiwa na uzito mkubwa, na kwamba malezi mabaya hayamo miongoni mwa vyanzo hivyo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Sensa hiyo iliuliza juu ya ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, lakini haikuuliza juu ya usonji kwa jina lake. Endapo makadirio ya dunia yanalingana na hali ya kaunti hizi mbili, basi tunazungumzia watu zaidi ya 14,000. Hao ni watu wengi, na bado hawana mahali katika hesabu wala katika maandishi yetu.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili linamhusu nini mhakiki wa fasihi. Jibu letu ni kwamba mama wa Nyamira ambaye mwanawe wa miaka mitatu hasemi wala haitikii jina lake hakutani kwanza na daktari. Hukutana kwanza na hadithi. Hadithi hiyo ilikwisha kutungwa kabla mtoto hajazaliwa. Ina msuko wake, ina wahusika wake, na ina hukumu yake. Tutaiita hadithi hiyo msuko wa mashtaka, kwa kuwa huanza na swali moja, nani amemfanya hivi, na haitulii mpaka mshtakiwa amepatikana. Tunashikilia kwamba mabango, vipeperushi na vipindi vya redio havitafua dafu iwapo vitaongeza habari tu bila ya kuubadili msuko huo.

2. Jina na kitenzi

Tuanze na lugha, kwani ndiyo malighafi ya kila msimulizi. Kiswahili kina hazina ya maneno ya kumtaja mtu ambaye akili au mwenendo wake haufanani na wa wengine: punguani, taahira, zuzu, hamnazo. Neno punguani lina asili ya kitenzi kupungua. Mtu huyo amepimwa kwa kipimo cha wengine na kuonekana hakutimia. Neno hamnazo nalo linadai kwamba mlimotarajiwa kuwa na akili hamna kitu. Katika maneno haya yote mtu anaelezwa kwa kile asichonacho.

Kuhusu ulemavu wa mwili hali ni tofauti kidogo. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema ni majina yenye kiambishi KI-, ambacho ni cha vitu na cha kudunisha. Hata hivyo sarufi yenyewe imekataa dharau hiyo. Hatusemi kiziwi kimefika. Tunasema kiziwi amefika. Jina lilitaka kumfanya mtu kitu, na sentensi ikamrudishia utu wake. Mhakiki anayedai kwamba Kiswahili ni lugha ya kuwadharau walemavu hana budi kuueleza upatanisho huu wa kisarufi.

Neno usonji limeingia hivi karibuni, nalo ni la tabaka jingine. Limo katika ngeli ya dhana, pamoja na upofu na uziwi, lakini halikuzaa jina la mtu lililozoeleka. Husema mtu mwenye usonji. Hiyo ni faida, maana neno halikubeba kejeli ya karne zilizopita. Papo hapo ni upungufu. Neno lisilo na kejeli halina pia hadithi, na kwa mzungumzaji wa Ekegusii linasikika kuwa geni mara mbili, kwanza kwa kuwa ni la Kiswahili, pili kwa kuwa ni la kitaalamu. Mahali ambapo neno jipya halina hadithi, hadithi ya zamani hulivamia na kulikalia.

Uvamizi huo unaonekana wazi zaidi katika vitenzi. Watu wanapomweleza mtoto wa namna hii kwa Kiswahili, husema amerogwa, amelaaniwa, amepagawa, amedekezwa. Ukiacha amepagawa, ambalo nalo lina pepo wake, vitenzi hivi vyote vimo katika kauli ya kutendwa, na kila kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda. Ukisema amerogwa, msikilizaji hana budi kuuliza: na nani? Ukisema amedekezwa, jibu limekwisha kutolewa. Hata kauli inayoonekana kuwa ya upole kuliko zote, amezaliwa hivyo, imo katika mnyambuliko uo huo, na mtenda wake ni mama. Kwa hiyo mashtaka hayaongezwi juu ya lugha na watu wenye nia mbaya. Yamo ndani ya kitenzi, yakimngoja mtu wa kuyajaza.

3. Msuko wa mashtaka

Katika maisha ya jadi ya Abagusii, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, msiba usioelezeka ulipelekwa kwa mpiga ramli, omoragori. Yeye aliueleza kwa kutaja kilichoutangulia: ama wahenga, chisokoro, wamekasirika na wanadai kafara, ama yuko mrogi, omorogi, aliyetenda kwa husuda. Tukilitazama jambo hili kwa jicho la kifani, ramli ni usimulizi wa kurudi nyuma. Huanza na tokeo na kulifuata hadi kwa mtenda, kama zifanyavyo riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, ambamo Bwana Msa huanza na fumbo na kumaliza kwa kumtaja mhalifu. Tofauti ni kwamba katika riwaya mhalifu ni wa karatasi.

Kisii mhalifu huyo amekuwa mtu mwenye jina na nyumba. Umoja wa Mataifa uliazimia mwezi wa Desemba 2007 kwamba tarehe 2 Aprili iwe siku ya kuuhamasisha umma juu ya usonji, na siku hiyo ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wazee 4 waliuawa huko Marani kwa tuhuma kama hizo. Hatudai kwamba mauaji haya yalitokana na usonji. Tunachodai ni kwamba yanatuonyesha mwisho wa msuko tunaouchambua. Jamii iliyozoea kuuliza nani amemfanya hivi inaweza siku moja kupata jibu, na jibu hilo likawa ajuza anayeishi peke yake ng'ambo ya mto.

Ajuza asipopatikana, hupatikana mama. Hapa methali zetu zina sehemu yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Samaki mkunje angali mbichi. Hizi ni methali za hekima katika mahali pake, na hakuna mwalimu asiyezitumia. Lakini zikisomwa pamoja zinajenga nadharia nzima ya mtoto: kwamba mtoto ni zao la mkono wa mlezi, na kila kasoro ya zao ni ushahidi dhidi ya mkono huo. Mtoto anapojitupa chini sokoni kwa sababu kelele za watu zimemzidi nguvu, watazamaji huona kuwa samaki hakukunjwa.

Itakuwa kosa kudhani kwamba msuko huu ni wa Kisii pekee au wa Afrika pekee. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 juu ya wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, ulikuta uchawi, laana, pepo na mapenzi ya Mungu vikitajwa kuwa vyanzo vya usonji, sambamba na sababu za kibayolojia. Na tukivuka bahari tutaukuta msuko uo huo umevaa koti jeupe. Leo Kanner, aliyeandika mwaka 1943 huko Baltimore, Marekani, juu ya watoto 11 na kuipa hali hii mahali katika utabibu, alizungumzia ubaridi wa wazazi wao, na baadaye akawafananisha na jokofu. Bruno Bettelheim wa Chicago alilikuza wazo hilo katika kitabu chake The Empty Fortress cha mwaka 1967: mtoto amejifungia katika ngome tupu kwa kuwa mama hakumtaka. Kwa miaka mingi akina mama wa Marekani walikaa kizimbani pale pale anapokaa mama wa Kisii.

Kizimba si tamathali yetu tu. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwatangazia kwamba amewafutia hatia. Lugha yake ilikuwa ya mahakamani. Alikiri bila kutaka kwamba kilichokuwa kikiendelea tangu mwanzo kilikuwa kesi. Mganga wa ramli na daktari bingwa walitofautiana katika vifaa na mavazi. Katika msuko walikuwa ndugu.

4. Riwaya ya Kiswahili na mtoto aliye ishara

Je, fasihi andishi ya Kiswahili imeuvunja msuko huu? Tuchukue mifano miwili inayojulikana sana.

Katika Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi (1974), mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na baadaye Kazimoto naye anapata mtoto wa namna hiyo. Sababu inafichuliwa kuwa ni maradhi yaliyotokana na mwenendo wa wazazi. Wahakiki wamekwisha kuonyesha namna Kezilahabi anavyomtumia mtoto huyu kuzungumzia hofu ya kizazi kijacho na utupu wa wasomi. Uchambuzi huo ni sahihi. Hata hivyo, kutokana na swali letu, hatuwezi kuacha kuona kwamba mtoto mwenyewe hayumo katika riwaya. Kichwa chake kimo. Yeye ni hati ya mashtaka dhidi ya baba yake, na akishasomwa kazi yake imekwisha.

Katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora (2012), riwaya iliyowahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, yumo Matuko Weye, mwanajeshi wa zamani anayehesabiwa kuwa mwendawazimu. Yeye husema hadharani yale ambayo wenye akili timamu wanaogopa kuyasema juu ya utawala. Huyu ni mwendawazimu msema kweli, mhusika wa kale sana katika fasihi za dunia. Anapendeza na anatimiza kazi ya kejeli ipasavyo. Lakini naye ni chombo. Wazimu wake ni kibali cha mwandishi cha kusema, na msomaji hapewi nafasi ndefu ya kujua asubuhi za Matuko Weye zinakuwaje wakati hakuna mtu wa kumhutubia.

Mifano hii inatupa mielekeo miwili: mtu mwenye hali tofauti akiwa adhabu, na mtu huyo akiwa kipaza sauti. Katika mielekeo yote miwili yeye ni ishara ya jambo jingine. Mwelekeo wa adhabu ulipata nguvu mpya katika miaka ya 1980 na 1990, wakati nyimbo, ngonjera na michezo ya kuigiza ilipotungwa kwa wingi ili kuuhamasisha umma juu ya UKIMWI. Nyingi ziliujenga msuko wa anasa na malipo: kijana alikwenda mjini, akafuata starehe, akarudi kufa. Lengo lilikuwa jema. Lakini hadhira ilijifunza pia kwamba mgonjwa amejitakia, na funzo hilo lilichukua miaka mingi kufutwa. Watunzi watakaoandika juu ya usonji wana mfano huo mbele yao, nao waujue kabla ya kushika kalamu.

5. Suala la macho

Vipeperushi vya kuelimisha umma juu ya usonji, popote vinapotolewa, hufuata orodha inayokaribiana: mtoto hatazami watu machoni, haitikii jina, hachezi na wenzake, anachelewa kusema, anapanga vitu katika mstari. Orodha hii imetafsiriwa katika lugha nyingi. Swali la mhakiki ni kama inatafsirika.

Chukua alama ya kwanza. Robert LeVine na Barbara LeVine walifanya utafiti katika jamii moja ya Abagusii miaka ya 1950, na kitabu chao, Nyansongo, kilitoka mwaka 1966. Robert LeVine alirudi na wenzake miaka ya 1970 kuchunguza akina mama na watoto wachanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994 katika Child Care and Culture. Waliona kwamba mama wa Kigusii alikuwa mwepesi mno wa kumbeba na kumtuliza mtoto anayelia, lakini alimtazama machoni na kumsemesha kwa kiasi kidogo kuliko mama wa Boston waliyemlinganisha naye. Waliandika pia juu ya adabu ya staha, ensoni, inayotenganisha kizazi na kizazi, na ambayo chini yake kumkazia macho mkubwa ni utovu wa heshima. Isitoshe, kulikuwa na imani juu ya jicho linaloweza kumdhuru mtoto mchanga, hata pasipo mwenye jicho kukusudia.

Abagusii wa leo si wale wa miaka ya 1970, na maelezo ya wageni hayana budi kusomwa kwa tahadhari. Lakini hata tukiyapunguza kwa nusu, alama ya kwanza ya kipeperushi imekwisha kuingia matatani. Bibi anayesikia redioni kwamba mtoto asiyetazama watu machoni ana tatizo anaweza kujibu kwa haki kabisa kwamba mtoto huyo amefunzwa adabu. Ishara imetua katika utamaduni ambao maana yake ni kinyume. Huko si kushindwa kwa bibi kuelewa. Ni kushindwa kwa matini kumjua msomaji wake.

Matini iliyotungwa kutoka ndani ingeanza mahali pengine. Katika utafiti maarufu wa tamaduni sita uliochapishwa na Beatrice Whiting na John Whiting mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walijitokeza kwa kubeba majukumu ya nyumbani na kuwalea wadogo zao. Kwa hiyo jicho la mzazi wa Kigusii limezoea kumpima mtoto kwa kutumwa kwake: alete maji, apeleke habari, aangalie mdogo wake. Hapo ndipo alama zisemewe. Je, ukimwonyesha kwa kidole ng'ombe walio ng'ambo, anatazama ng'ombe au anatazama kidole? Akiokota kitu cha ajabu, anakuletea ukione naye, au anabaki nacho peke yake? Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka? Maswali haya hayagusi adabu. Yanagusa kile ambacho wataalamu wanakitafuta hasa, yaani kushirikiana na mwingine katika kuliangalia jambo moja, na yanakisema kwa mandhari ya kilima cha chai na migomba badala ya mandhari ya chumba cha daktari.

6. Nani asimulie?

Mwaka ule ule wa 1967 ambao Bettelheim alitoa kitabu chake cha ngome tupu, mama mmoja wa Marekani, Clara Claiborne Park, alitoa The Siege, maelezo ya maisha ya binti yake. Tamathali ni ya ukoo mmoja, ngome na mazingiwa, lakini nafsi ya usimulizi imebadilika na kila kitu kimebadilika nayo. Kwa Bettelheim mama ndiye sababu ya kuta. Kwa Park mama ndiye aliyepiga kambi nje ya kuta akitafuta mlango kwa upendo na subira. Baadaye wenye usonji wenyewe walichukua kalamu, Temple Grandin mwaka 1986 na Donna Williams mwaka 1992, na wasomaji wakasikia habari za ndani kutoka kwa wenye nyumba. Kila mara msimulizi alipobadilika, mashtaka yalipungua nguvu.

Funzo hili ni la kinadharia na linaweza kutumika kwetu. Msuko wa mashtaka husimuliwa na anayetazama kutoka mbali: mpiga ramli, jirani, daktari. Msuko wa pili, ambao tutauita msuko wa kujuana, huhitaji msimulizi aliye karibu. Katika malezi ya Abagusii msimulizi huyo yuko tayari. Ni omoreri, ndugu mkubwa, mara nyingi msichana mdogo, aliyekabidhiwa mtoto mchanga mama alipokwenda shambani. Yeye ndiye anayejua kwamba mtoto hulia mvua inapopiga bati, kwamba hula ndizi ikiwa haijapondwa tu, kwamba hutulia akiona maji yakipita mferejini. Hajui istilahi, lakini ana ujuzi ambao istilahi inautafuta. Elimu ya msingi bila ada iliyoanza mwaka 2003 iliwapeleka darasani wengi wa walezi hawa wadogo, na haki yao hiyo haina mjadala. Lakini imemwacha mama peke yake zaidi na mtoto wake, na imepunguza idadi ya mashahidi. Fasihi inaweza kumrudisha shahidi huyo katika hadithi bila ya kumwondoa shuleni.

Mikondo ya kuipitishia hadithi hiyo ipo. Kuna redio za Ekegusii kama Egesa FM, kuna tamasha za muziki na drama za shule, kuna mimbari za makanisa, na kuna mpiga obokano, ambaye kwa vizazi ameimba habari za watu na matukio akiiendea hadhira moja kwa moja. Kinachokosekana ni matini.

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba tunaitaka fasihi iwe kipeperushi. La hasha. Tumeonyesha kwamba kipeperushi kimeshindwa hasa kwa kukosa ufasihi, yaani kwa kutojua hadhira, ishara na msuko.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba msuko wa mashtaka, pamoja na ubaya wake, humpa mzazi jambo la kufanya. Omoragori alitaja chanzo, akaagiza kafara, ukoo ukakutana, na kwa siku moja mama hakuwa peke yake. Mhamasishaji wa kisasa huja na sentensi kwamba hali hii haina tiba, kisha hupanda gari na kuondoka. Kati ya hadithi yenye mwisho na hadithi isiyo na mwisho, mtu aliye katika uchungu atachagua ya kwanza, na si kwa ujinga. Pingamizi hii tunaikubali, na ndiyo sababu hatupendekezi kuikejeli imani ya watu. Tunapendekeza msuko wa pili uwe nao na matendo yake: ukoo ukutane, lakini ukutane kupanga zamu za kumkaa mtoto, mwalimu aitwe, aambiwe mtoto huyu anaogopa kengele, jirani aambiwe njia anayopenda kutorokea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ibara hiyo inaanza kazi pale tu ambapo mtu anajulikana kwamba yupo, na mtoto aliyefichwa chumbani kwa aibu ya mashtaka hawezi kuidai.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtoto mwenye usonji huko Kisii na Nyamira amezungukwa na usimulizi unaomtafuta mtenda, kwamba usimulizi huo umo katika vitenzi, katika methali, katika ramli na hata katika riwaya zetu zinazoheshimiwa, na kwamba uliwahi kutawala pia katika utabibu wa Marekani. Tumeonyesha vilevile kwamba unaweza kubadilishwa kwa kubadili msimulizi na kuchagua ishara zinazoeleweka mahali zinaposemwa.

Lugha yetu ina sentensi inayoufaa msuko wa pili. Badala ya amerogwa, amelaaniwa au amedekezwa, Kiswahili kinaweza kusema: ndivyo alivyo. Sentensi hii haina kauli ya kutendwa na haimwachi mtu yeyote kizimbani. Wengine wataiona kuwa ni ya kukata tamaa. Tunaisoma kinyume chake, kwa kuwa anayesema ndivyo alivyo analazimika kueleza alivyo vipi, na maelezo hayo ndiyo mwanzo wa msaada.

Kazi iliyobaki ni ya uwandani. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotoka katika kaunti hizi hukusanya ngano, methali na nyimbo za jando. Wakusanye pia, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuyahifadhi majina, masimulizi ya akina mama na ya ndugu waliowabeba watoto hawa mgongoni. Hiyo ni fasihi simulizi kwa maana kamili ya neno hilo. Mpaka sasa imekuwa ikisimuliwa kwa kunong'ona, nyuma ya milango iliyofungwa, na wasimulizi wake wanazeeka.